Kiswahili Ndani ya Kiingereza Chetu: Jinsi ya Kuyaona Makosa ya Sarufi na Kuyasahihisha

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, mjadala uleule huibuka hapa Mwanza, kwenye daladala za Igoma na Buhongwa, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp: Kiingereza cha vijana wetu kimeharibika. Mtu hurusha picha ya barua ya maombi ya kazi au bango la duka, wenzake wanacheka. Mmoja anasema watoto wa siku hizi hawasomi, mwingine anasema Kiingereza chenyewe hakitufai, tuachane nacho. Katika kelele hizo ni nadra kumsikia mtu akieleza kosa lenyewe ni lipi, limetoka wapi na linasahihishwaje.

Chukua sentensi hii, ambayo ingeweza kuandikwa na kijana yeyote wa Kirumba anayeomba nafasi ya chuo: "My mother he is selling fishes at Mwaloni since 2015 and the price of the fishes have increased." Anayejua Kiingereza ataelewa kila kitu. Mama anauza samaki, yuko soko la Mwaloni, alianza 2015, bei imepanda. Lakini ndani ya mstari huo mmoja mna makosa yasiyopungua manne, na kwa afisa mwenye rundo la barua mezani, hayo yanatosha kuiweka barua pembeni.

Sasa isome kwa Kiswahili: "Mama yangu anauza samaki Mwaloni tangu 2015 na bei ya samaki imepanda." Haina doa. Kijana huyu si mvivu wala si mjinga. Amefuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni nyingi alizofuata ni za Kiswahili. Makosa yetu mengi ya Kiingereza yako hivyo. Hayatokei ovyo. Yana mpangilio, na mpangilio wenyewe ni sarufi ya Kiswahili, pamoja na ndugu zake Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kihaya, ikifanya kazi mahali pasipo pake. Ukijua Kiswahili chako kinafanya nini, unajua pa kutazama.

Istilahi chache kwanza

Kiima ni yule au kile ambacho kitenzi kinakizungumzia: mama, bei, daraja. Kitenzi ni neno la tendo au hali. Njeo ni alama ya wakati inayobebwa na kitenzi, kama -li-, -na-, -me- na -ta-. Upatanisho wa kisarufi ni ile hali ya kitenzi kubeba alama ya kiima chake: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, daraja limefunguliwa. Haya tulifundishwa, lakini wengi tuliyaacha mlangoni tulipoingia Kidato cha Kwanza, ambako kwa shule nyingi za serikali karibu masomo yote hugeuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Tumepata hasara kwa hilo, maana hizo ndizo zana tunazozihitaji hapa.

Kosa la sarufi ni tofauti na kosa la tahajia. Aliyekua akizungumza Kisukuma, lugha isiyotenganisha r na l kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, anaweza kuandika "We play for you every day" akimaanisha "We pray for you every day". Sentensi yake haina kasoro ya sarufi hata kidogo, kilichokosewa ni sauti. Kumwambia arudie sarufi ni kumpa dawa ya ugonjwa asioumwa.

Halafu kuna kuteleza. Mwaka 1967 mwanaisimu Mwingereza Stephen Pit Corder alitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Kuna kuteleza, pale mtu anapoijua kanuni lakini ulimi au kidole kimemponyoka. Na kuna kosa la kweli, ambalo mtu hulirudia kila mara kwa sababu kanuni iliyomo kichwani mwake ni nyingine. La kwanza huliona mwenyewe akisoma tena. La pili hataliona hata akisoma mara kumi, kwa kuwa machoni pake liko sawa. Makala haya yanahusu hili la pili.

Lugha zinafanana na nyavu. Wavu wa dagaa una macho madogo, wa sangara una macho makubwa, na kila mmoja unanasa unachokilenga na kuachia kingine kipite. Kiswahili kinanasa ngeli: hatuwezi kutaja kiti, mti au jiwe bila kitenzi kuonyesha ni cha kundi gani. Kiingereza kinaliachia hilo lipite. Lakini kinanasa jinsia ya mtu, kinanasa kama kitu kinajulikana au hakijulikani, kinanasa kama kitu kinahesabika au hakihesabiki. Makosa yetu yamejaa hapo, kwenye vitu ambavyo macho ya wavu wetu huviachia.

Yeye anayetajwa mara mbili

Turudi kwa mama wa Mwaloni. "My mother he is selling" imetoka wapi? Kwenye anauza kuna a- inayomwakilisha mama. Mwandishi ametafsiri kila kipande: mama yangu, a-, -nauza. Kiswahili kinalazimisha kiambishi hicho hata kama mama ametajwa sekunde moja iliyopita. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kwenye kitenzi, na ukishataja nomino, kiwakilishi chake ("he", "she", "it", "they") hakitakiwi tena. "My mother is selling", "The teachers are coming", "This bus goes to Geita." Ukiona "The teachers they are" au "This bus it goes", futa kiwakilishi.

Kosa hilohilo lina pacha wake aliyejificha zaidi. "The fish which I bought it was rotten." Hapa "it" imetoka kwenye niliyemnunua. Ile -m- inamrejelea samaki, nasi tunaisikia kichwani hata tukiwa tunaandika Kiingereza. Kwa Kiingereza "which" imeshafanya kazi hiyo: "The fish which I bought was rotten." Kila unapoandika "which", "that" au "whom", tazama mbele yake kama kuna "it", "him" au "them" inayorejelea kitu kilekile. Ikiwepo, iondoe.

Kuhusu "he" na "she", Kiswahili na lugha zetu nyingine za Kibantu hazina tofauti hiyo kabisa. A- ni a-, awe baba au shangazi. Ndiyo maana hata watu waliosoma sana, wanapoongea haraka, humwita mkurugenzi mwanamke "he". Hakuna hila ya kulizuia hili wakati wa kuongea isipokuwa mazoezi ya muda mrefu. Katika maandishi liko rahisi: ukimaliza barua, tafuta kila "he", "she", "his" na "her", na mbele ya kila moja taja jina la mtu anayehusika. Programu ya simu haitakusaidia, kwa sababu haijui kama bosi wako ni mwanamke.

Wakati wetu na wakati wao

Hapa ndipo penye mzigo mkubwa, na ningemshauri mwanafunzi yeyote aanzie hapa.

Kiambishi -na- kinabeba mambo mawili. "Baba anafanya kazi bandarini" yaweza kumaanisha ndiyo kazi yake ya siku zote, au kwamba muda huu yuko pale anafanya. Kiingereza kinazitenga: "My father works at the port" kwa la kwanza, "My father is working at the port" kwa la pili. Sisi, tukiona -na-, mkono unakimbilia "is working" moja kwa moja. Lakini Kiswahili kina kipimo chake. Jaribu kuweka hu- mahali pa ana-. "Baba hufanya kazi bandarini": imekubali na maana haijabadilika, basi andika "works". "Ngoja kidogo, baba huoga": haikubali, kwa sababu unazungumzia sasa hivi, basi andika "is bathing". Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Ni desturi, kwa hiyo "They fish at night." Ukisimama ufukweni usiku ukamwonyesha mgeni taa zao ziwani, hapo ni "They are fishing."

Yapo vitenzi vya hali ambavyo kwa kawaida havipendi "-ing" hata kama jambo ni la sasa hivi: "know", "understand", "want", "need", "believe". Tunasema najua, naelewa, nataka, na tunajikuta tumeandika "I am knowing him" na "I am needing a job". Andika "I know him", "I need a job". "I am having two children" nayo ni kosa, ingawa "I am having lunch" ni sahihi, kwa kuwa hapo "have" ina maana ya kula.

Sasa "tangu". Kwa Kiswahili "naishi Nyegezi tangu 2015" ni sentensi nzuri, na kitenzi chake ni cha wakati uliopo. Kiingereza kinaliona jambo lililoanza zamani na bado linaendelea kuwa la daraja lake lenyewe, na hakiruhusu "I am living in Nyegezi since 2015". Kinataka "I have lived" au "I have been living". Kwa hiyo mama wa Mwaloni "has been selling fish since 2015". Ukiona "since" yenye maana ya tangu, kitenzi cha sehemu kuu ya sentensi kwa kawaida kitaanza na "have" au "has". Na "since" hufuatwa na mahali jambo lilipoanzia, yaani mwaka, siku au tukio, wakati "for" hufuatwa na urefu wa muda: "since 2015", lakini "for ten years". "Since ten years" si sahihi.

Kiambishi -me- nacho kina mtego wake. Katika mazungumzo tunasema "jana nimemuona", na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo tunaandika "I have seen him yesterday." Kiingereza hakiruhusu "have" kukaa pamoja na wakati uliokwisha kutajwa. Mfano ulio karibu nasi ni daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. "The bridge has been opened" ni sahihi ukiishia hapo. Ukitaja tarehe, lazima igeuke: "The bridge was opened in June 2025." Basi kila unapotaka kuandika "have" au "has", tazama kama kuna jana, mwaka jana, saa nne asubuhi au tarehe yoyote ndani ya sentensi. Ikiwepo, tumia njeo inayolingana na -li-.

"I didn't went" na "Did you saw?" ni makosa ambayo walimu huyapiga mistari myekundu mpaka kalamu inaisha wino. Sisi tumezoea vitenzi viwili vinavyobeba alama vyote: alikuwa analima, nilikuwa nimelala. Kiingereza kikishaweka "did", wakati umebebwa na hiyo peke yake, kitenzi kinachofuata kinabaki kitupu: "I didn't go", "Did you see?"

Pale Kiswahili kinapotuokoa

Kosa la mwisho kwenye ile sentensi ni "the price of the fishes have increased". Hili halijatoka kwenye Kiswahili. Hata Waingereza wenyewe hulifanya, kwa sababu jicho hunaswa na neno lililo karibu na kitenzi. "Fishes" iko karibu, "price" iko mbali, kitenzi kikafuata cha jirani.

Mswahili ana kinga ambayo Mwingereza hana. Tafsiri sentensi yako kwa Kiswahili kisha tazama herufi za mwanzo za kitenzi. "Bei ya samaki imepanda." Hiyo i- inaelekeza wapi? Kwenye bei, moja tu. Ingekuwa bei nyingi ungesema zimepanda, na lau ingekuwa samaki ndio waliopanda ungesema wamepanda. Basi kiima ni bei, ni umoja, na kitenzi ni "has". Jaribu nyingine: "The boxes of fish on the lorry is heavy." Masanduku ya samaki yaliyo kwenye lori ni mazito, yamejaa. Ya-, wingi, basi "are". "One of the students have fainted": mmoja wa wanafunzi amezimia. A-, umoja, basi "has". "Every fisherman have a boat": kila mvuvi ana mtumbwi. Tena a-, tena "has". Upatanisho wetu ni mkali kuliko wa Kiingereza mara nyingi, na hautudanganyi kirahisi.

Kuna sehemu upatanisho huo unashindwa, nayo ni vizuri kuijua. "A number of people have come" huchukua wingi, lakini "The number of people has grown" huchukua umoja, na Kiswahili hakitakuonyesha tofauti hiyo. Hii ya kukariri tu.

Katika wakati uliopo, kilichobaki cha upatanisho wa Kiingereza kwa vitenzi vya kawaida ni ile "s" moja: "I sell, you sell, she sells". Tunaisahau kwa sababu sisi tumezoea alama kukaa mwanzoni mwa kitenzi, yao inakaa mwishoni. Wakati wa kusahihisha, kila kitenzi cha wakati uliopo kitazame mkiani.

Samaki, taarifa na habari

"Fish" kwa kawaida haibadiliki kwenye wingi: "one fish, ten fish". Lakini wanaosema "fishes" haipo kabisa wamekosea. Hutumika kwa aina mbalimbali za samaki. Ziwa letu lilijulikana kwa mamia ya aina za furu, na nyingi zimepungua sana au kutoweka tangu sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mtafiti anayeandika "the fishes of Lake Victoria" akimaanisha furu, sato, ningu, kamongo na wengineo yuko sahihi kabisa. Muuzaji mwenye beseni la sato watupu hana haja ya "fishes".

Tatizo pana zaidi ni vitu visivyohesabika. Kwa Kiswahili hatusemi michele mitatu, tunasema kilo tatu za mchele. Kiingereza kimeweka kwenye kundi la mchele maneno ambayo sisi tunayahesabu: "information", "furniture", "equipment", "luggage", "advice". Sisi tuna taarifa hizi, samani hizi, vifaa hivi, kwa hiyo tunaandika "informations" na "equipments". Hakuna "s" hapo. Ukitaka kuhesabu, tumia "a piece of": "two pieces of information". "News" ndiyo yenye kuchanganya zaidi, maana ina "s" na bado ni umoja. Sisi husema habari ni nyingi, habari zimefika, basi mkono unaandika "The news are good". Ni "The news is good." Kwa upande mwingine, suruali yetu moja kwao ni wingi: "These trousers are torn", hata kama ni suruali moja tu mwilini.

"A" na "the"

Walimu wengi husema Kiswahili hakina "a" wala "the", na wanaishia hapo, mwanafunzi anabaki kubahatisha. Ni kweli hatuna maneno hayo, lakini tofauti yenyewe tunayo, na tunaitumia kila siku bila kuitambua.

Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ya kwanza inaweza kuwa kitabu chochote. Ya pili, yenye -ki-, ni kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua, labda ulichoniazima wiki iliyopita. Ya kwanza ni "I have read a book", ya pili ni "I have read the book". Karani akikuuliza "Fomu umeileta?" anaizungumzia fomu mnayoijua: "Did you bring the form?" Kila unapobabaika kati ya "a" na "the" kwenye kitu kinachotendwa, sema sentensi kwa Kiswahili na usikilize kama ulimi unataka kuweka -ki-, -i-, -li-, -u- au -zi- ndani ya kitenzi. Ulimi ukitaka, andika "the". Kipimo hiki kinafanya kazi kwa vitu. Kwa watu na wanyama hakiaminiki, kwa sababu tunasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui.

Kwa kiima, tazama kama ungeweka "mmoja" au "yule". "Mtu mmoja alikuja akauliza" ni "A man came". "Yule mtu akarudi" ni "The man came back". Kazi za watu huhitaji "a", jambo tunalolisahau kwa kuwa "kaka yangu ni daktari" haina kitu cha ziada: "My brother is a doctor." Majina ya maziwa hayachukui "the", majina ya mito na bahari huchukua: "Lake Victoria", lakini "the Nile" na "the Indian Ocean". Na "an" hufuata sauti, haifuati herufi: "an hour" kwa kuwa h haisikiki, "a university" kwa kuwa inaanza na sauti ya y, "an MP" kwa kuwa unaanza na e mdomoni.

Neno "na", na ile -ni ya sokoni

Naenda sokoni, natoka sokoni, nipo sokoni, naingia sokoni. Mahali ni palepale, -ni ni ileile, na kinachobadilika ni kitenzi. Kiingereza kinaweka mzigo huo kwenye vihusishi: "to the market", "from the market", "at the market", "into the market". Vivyo hivyo "na" yetu: mama na baba, nilikwenda na dada, samaki wamepikwa na shangazi. Kwa Kiingereza ni "and", "with" na "by". Anayeandika "The fish was cooked with my aunt" amemweka shangazi ndani ya sufuria. Kila kitenzi chenye -w- ya kutendwa, kama kupikwa, kuibiwa, kufundishwa, "na" yake ya mtendaji ni "by".

Kuna vitenzi ambavyo kwetu havihitaji kitu na kwao vinahitaji: kuomba kazi, kusubiri basi, kusikiliza redio. Kwao ni "apply for a job", "wait for the bus", "listen to the radio". Na vipo vya kinyume: sisi tunajadili kuhusu jambo, wao "discuss" bila "about". "Nieleze somo hili" inatupeleka kwenye "Explain me this topic", lakini "explain" haikubali mtu kukaa mbele yake moja kwa moja: "Explain this topic to me." Azima nayo kwetu inakwenda pande mbili, ndiyo maana tunasema "Borrow me your pen". Anayetoa "lends", anayepokea "borrows": "Lend me your pen."

Ndiyo inayogeuka

Hili linagusa fedha za watu, hasa wanaouza vitenge, vikapu na matunda kwa wageni wanaopitia Mwanza kwenda Serengeti. Mteja anatoa noti ya elfu kumi, anauliza: "Don't you have change?" Muuzaji anajibu "Yes." Mteja anasimama anangoja chenji. Muuzaji naye anangoja noti ndogo. Wote wawili wanaanza kukasirika.

Kwa Kiswahili "Huna chenji?" hujibiwa "Ndiyo, sina", maana ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kwa Kiingereza "yes" na "no" hukubaliana na ukweli wenyewe: ukiwa nayo ni "yes", usipokuwa nayo ni "no", haijalishi swali limeulizwaje. Ili kuwa salama, usijibu kwa neno moja. Sema "No, I don't" au "Yes, I do", na kitenzi kitaondoa utata.

Mengine ni ya haraka. "Ingawa alisoma sana, lakini alifeli" inatupa "Although he studied hard, but he failed". Kiingereza kinataka kimojawapo, futa "but". "Bora zaidi" inatupa "more better". "Better" tayari ina zaidi ndani yake. "Kwa nini umechelewa?" inatupa "Why you are late?", nao hugeuza mpangilio: "Why are you late?" Lakini swali likiwa ndani ya sentensi nyingine halibadilishwi: "I don't know why you are late."

Tunayoaminishwa

Uzushi mkubwa kuliko wote ni kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza, na kwamba mzazi akipiga marufuku Kiswahili nyumbani mtoto atanyooka. Kipimo cha imepanda, cha hu- na cha nimekisoma vyote vimetoka kwenye Kiswahili, na mtoto asiyekijua vizuri hawezi kuvitumia. Mtoto huyo atafanya makosa yaleyale, kwa kuwa atayasikia kwa watu wazima wanaomzunguka, ila hatakuwa na pa kuyapimia.

Wengine wanaamini kwamba sentensi ya Kiingereza haiwezi kuishia na kihusishi. Mshairi John Dryden aliwakosoa waandishi waliomtangulia kwa jambo hilo mwaka 1672, na kuanzia hapo walimu wakalibeba kama sheria. "The boat I came in" ni Kiingereza safi. Kuanza sentensi na "And" au "But" nako si dhambi. "Every student must bring their book" pia inakubalika, na "they" ya mtu mmoja imetumika tangu karne ya 14. Na mtu akikwambia "The team are playing" ni kosa, huenda amejifunza Kiingereza cha Marekani, maana Uingereza huisema hivyo bila shida.

Maneno marefu hayasahihishi sarufi. Barua nyingi za maombi ya kazi zinazochapwa kwenye steshenari zetu zimejaa misamiati mikubwa iliyonakiliwa kutoka barua nyingine, na vitenzi vyake vyote havina "s".

Namna ya kusahihisha

Usitafute makosa yote kwa mpigo. Jicho linalotafuta kila kitu huishia kusoma maana, na maana ikieleweka linapita. Chukua barua yako, uiache ilale usiku mmoja, kisha uipitie mara kadhaa, kila mara ukitafuta kitu kimoja. Safari ya kwanza zungushia vitenzi vyote, na kwa kila kimoja jiulize nani, kisha lini. Safari ya pili tafuta viwakilishi, uone vipi vimejirudia na vipi vimekosea jinsia. Safari ya tatu tazama nomino zilizosimama peke yake bila "a", "the", "my" au "s", uziulize kama kweli hazihitaji. Soma kwa sauti, na ukikwama mahali, sema sentensi hiyo kwa Kiswahili chako cha kawaida usikilize kitenzi kinabeba nini.

Weka daftari dogo la makosa yako mwenyewe. Watu hawakosei kila kitu. Mmoja anasumbuliwa na "since", mwingine na "he", mwingine na "informations". Ukishajua yako matatu au manne, unayatafuta hayo kwanza.

Ukimpa rafiki au mwalimu apitie, mwombe asiandike jibu. Apige mstari tu chini ya mahali palipokosewa na akurudishie, kisha wewe ndiye uandike sentensi upya. Akishindwa kujizuia akaandika jibu, ifunike karatasi yake na uandike ya kwako kwanza.